Nina siku moja tu Roma: Ostia Antica au Pompeii, na nichukue mwongozaji au nitembee mwenyewe?

Mwenyeji_Bagamoyo:

Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri kwa yeyote aliyewahi kufika huko. Mimi naongoza wageni hapa Bagamoyo, Mji Mkongwe na magofu ya Kaole, mwaka wa saba sasa, na Mungu akipenda mwezi ujao naenda Roma kwenye kozi fupi ya wiki mbili. Ratiba imebana ila Jumamosi moja ni yangu kabisa. Nataka siku hiyo niende kwenye mji wa kale wa Warumi, sio yale majengo ya katikati ya jiji (hayo nitayapitia jioni jioni), nataka mji mzima wenye mitaa na maduka na nyumba za watu wa kawaida, niutembee kwa miguu yangu.

Kila ninayemuuliza ananiambia Pompeii. Ila kuna mmoja kaniambia Ostia Antica iko karibu tu na Roma na watu hawajazani. Niende wapi? Na nilipie mwongozaji au ninunue ramani nizunguke mwenyewe?

Niseme ukweli kwa nini nauliza. Pale Kaole mgeni anashuka kwenye gari, namtembeza misikiti miwili, makaburi 22, kisima, mbuyu, chumba cha makumbusho, dakika arobaini tumemaliza, na kuna wengine wananiuliza "ndio basi?" Inaniuma jamani, maana mimi nikisimama pale nauona mji, nawaona watu, lakini sijapata namna ya kumfanya mgeni naye auone. Kwa hiyo siendi kupiga picha, naenda kuangalia wenzetu wanamtembezaje mtu kwenye magofu mpaka anatoka anasema huu mji nimeuelewa.

baharia_mstaafu:

Mkuu mimi nimefanya kazi kwenye meli za abiria, tulikuwa tunafunga Civitavecchia na Napoli, kote huko nimefika zaidi ya mara moja.

Pompeii ni kubwa mno, hekta 66, na theluthi yake mpaka leo bado iko chini ya udongo. Volkano ya Vesuvius iliufunika mji mwaka 79 kwa hiyo vitu viliganda pale pale vilipokuwa, mikate kwenye tanuri, matangazo ya uchaguzi ukutani. Na zile plasta za watu, kuanzia 1863 walikuwa wakikuta uwazi kwenye majivu ambapo mwili ulioozea, wanamimina plasta na umbo linatoka. Nilisimama mbele ya plasta ya mtoto mmoja nikashindwa kutoa simu mfukoni. Sasa hesabu zako: Roma mpaka Napoli treni ya haraka ni saa moja na dakika kumi hivi, halafu ushuke ukapande kale katreni ka wilaya dakika kama arobaini, na kurudi vile vile. Siku moja ya kujifunza inaishia stesheni.

Ostia ni nusu saa tu. Unashuka metro kituo cha Piramide (piramidi kweli ipo pale, kaburi la Mrumi mmoja tajiri), stesheni ya Porta San Paolo iko ubavuni, unapanda treni ya kwenda ufukweni kwa tiketi ile ile ya metro, unashuka Ostia Antica, unavuka daraja la waenda kwa miguu na umefika. Jumatatu wanafunga, bahati yako ni Jumamosi. Vaa raba nzito kidogo, yale mawe ya barabarani ni makubwa ya mviringo na yanateleza, nimemuona mama mtu mzima kaenda na sandozi za kisigino akageuka robo ya njia. Maji jaza Roma kwenye mabomba ya barabarani, ni ya kunywa na ni bure.

Kijana_wa_Ngamiani:

Mimi nitakupinga mapema kwenye suala la mwongozaji. Nilikwenda Ostia na kikundi, tulilipia kampuni moja, tukapewa vidude vya masikioni, tukasubiri getini karibu dakika arobaini watu watimie, halafu yule bwana akaanza kukimbia. Mwaka fulani mfalme fulani, mwaka fulani kaisari fulani, huku anatembea na bendera juu, ukiinama kuangalia kitu ukiinuka sauti inakwaruza masikioni na wenzako wamekata kona. Mbele ya ukumbi wa michezo tulipewa dakika tano. Mji una barabara kuu moja inayozidi kilomita nzima, nyumba za matofali zenye ngazi mpaka ghorofa ya juu, na sisi tumetoka tumebeba majina ya wafalme tu.

Siku ya pili nilirudi mwenyewe na ramani. Nilikaa mpaka jioni na ndiyo siku ninayoikumbuka. Nenda peke yako kaka.

mwanachuo_wa_zamani:

Pole sana kaka wa Ngamiani, hilo ni tatizo la huyo mtu na sio la kuwa na mwongozaji. Mimi nilisoma Roma miaka miwili, Ostia nimeenda labda mara sita, mara ya kwanza tu ndiyo nilikwenda na mwongozaji, mama mmoja mtu mzima, tulikuwa watu wanane. Bila yeye zile mara tano nyingine ningekuwa napita kwenye matofali tu.

Ngoja nieleze alivyotuanza, maana naona ndicho mwenyeji wetu anachokitafuta. Kabla ya lango la mji, barabara imepangwa makaburi pande zote mbili, sheria yao ilikataza kuzika ndani ya mji. Hakutuambia mwaka wowote pale. Akatuambia, nyinyi leo ni wabeba mizigo, hamjawahi kufika Ostia, meli ya ngano kutoka Misri imeingia na kuna kazi. Mtalala wapi? Mtakula wapi? Choo kiko wapi? Nani atawalipa? Masaa matatu yote tulikuwa tunatafuta majibu ya hayo maswali, na majibu yote yapo chini pale, unayakanyaga.

Nani atawalipa: nyuma ya ukumbi wa michezo kuna uwanja mkubwa wa mraba umezungukwa na vyumba kama sitini vya wafanyabiashara wa bandari. Mbele ya kila chumba sakafu ina mozaiki, picha za vijiwe vyeusi na vyeupe, ndiyo kibao cha duka. Meli, mnara wa taa, pomboo, pishi za kupimia nafaka. Na majina ya walikotoka: Karthage, Aleksandria, na chumba kimoja kina tembo, ameandikiwa kwamba hapa ni pa watu wa Sabratha, huko Libya. Nilikaa kwa yule tembo muda mrefu. Mimi ni mtoto wa Bagamoyo, nimekua naambiwa habari za pembe zilizokuwa zinashuka kutoka bara mpaka Karavan Serai, kile kituo cha misafara, halafu naikuta bandari nyingine imechora tembo mlangoni kwake kutangaza biashara.

Mtakula wapi: kuna mtaa wanauita wa Diana, hapo pana mgahawa wenye kaunta ya marumaru bado imesimama, shelfu za ngazi za kuwekea vyombo, na ukutani picha ya vyakula imechorwa ili hata asiyejua kusoma aagize. Nyuma kuna kiua kidogo chenye benchi na kibubujiko cha maji. Ni mama ntilie kabisa, kwa sababu wengi wa waliopanga vyumba vya ghorofani hawakuwa na jiko la maana, chakula kilinunuliwa chini. Karibu na hapo kuna mtaa wa vinu, ndani ya kiwanda cha mikate bado kuna mawe meusi ya volkano ya kusagia, yalikuwa yanazungushwa na punda. Choo kipo karibu na mabafu ya uwanja wa kati, viti vya marumaru kama ishirini vimepangwa ukutani, hakuna pazia wala kizuizi, watu walikaa bega kwa bega wakipiga soga huku maji yanapita chini.

Halafu kitu kidogo ambacho yule mama alitufanya tupige magoti. Kwenye vizingiti vya maduka kuna mfuo umechongwa kwenye jiwe, mrefu, halafu upande mmoja unaishia pamoja na tundu la duara. Akasema wekeni kidole. Mfuo ulikuwa wa kupachika mbao za kufungia duka, moja baada ya nyingine, na lile tundu ndiyo la mhimili wa ubao wa mwisho ambao ulikuwa mlango. Kidole kinateleza humo ndani, pamelainika. Ni mikono ya mwenye duka kila asubuhi na kila magharibi. Baada ya hapo nilikuwa natazama kila kizingiti, najua hili lilikuwa duka, hii ilikuwa nyumba, bila kuambiwa.

Na usitoke bila kuona duka la muuza samaki, ukipita uwanja wa kati, barabara inapogawanyika. Meza ya jiwe ipo, na sakafuni kuna pomboo na maandishi INBIDE CALCO TE. Maana yake mwenye kijicho nakukanyaga. Nilicheka kwa furaha peke yangu. Jina la kanga kabisa! Hasidi hana sababu, ila hawa waliliweka chini mlangoni ili kila mteja amkanyagie huyo hasidi.

Mwenyeji_Bagamoyo:

Dada hapo kwenye mbeba mizigo umenigusa. Mimi huwa naanza na karne ya 13 na majina ya watafiti.

Swali kwa kaka wa Ngamiani, ulivyorudi mwenyewe uliona nini ambacho kikundi kilikupita?

Kijana_wa_Ngamiani:

Ukimya kaka. Na misonobari ile yenye vichwa kama miavuli, upepo ukipita unasikia. Nilipanda jukwaa dogo lililo juu ya mabafu ya Neptuni, kwa chini mozaiki nzima ya mungu wao wa bahari anavutwa na farasi wanne wenye mikia ya samaki, na hakukuwa na mtu. Nilikaa kwenye ngazi za ukumbi wa michezo nikala mkate wangu. Niseme tu dada hapo juu kanieleza vizingiti na mimi nimevipita siku mbili mfululizo bila kuviona, kwa hiyo labda naye ana hoja.

Kwetu Tanga, kwenye magofu ya Tongoni, nguzo nyingi za makaburi zimelala chini, nikienda huwa napita haraka. Sasa nimepata sababu ya kurudi niangalie chini.

mama_wa_parokia:

Mwanangu wa Bagamoyo hongera kwa safari, Mungu akutangulie. Mimi nilikwenda Roma kwa hija na kina mama wenzangu, na tuliomba tupelekwe Ostia kwa ajili ya Mtakatifu Monika. Watu wengi hawajui kwamba alifia pale, mwaka 387. Alikuwa na mwanawe Augustino, wanasubiri meli ya kurudi kwao Afrika, upande huu ambao leo ni Algeria, akaugua homa na hakuvuka. Augustino mwenyewe ameandika kwamba siku chache kabla walikuwa wamesimama dirishani wawili tu, wanaangalia bustani ya ndani ya nyumba waliyofikia, wanazungumza. Na alipoulizwa kama haogopi kuzikwa mbali na kwao alisema hakuna mahali palipo mbali na Mungu.

Jiwe la kaburi lake lilipatikana 1945 kijijini pembeni ya magofu, karibu na kanisa la Mtakatifu Aurea, vijana wawili walikuwa wanachimba shimo la kusimika nguzo ya mchezo wakakutana na kipande chenye maandishi. Mabaki yake yenyewe yako Roma katika kanisa la Mtakatifu Augustino, nako upite. Sisi hapa tunasema Bagamoyo ni mahali pa kubwaga moyo. Nilipokuwa Ostia niliwaza yule mama Mwafrika aliyebwaga wake pale bandarini, nikalia, sioni aibu kusema.

Mwenyeji_Bagamoyo:

Shikamoo mama. Asante sana, hilo la Monika sikulijua kabisa na nitapita makanisa yote mawili.

mchimba_udongo:

Nimesoma mambo ya kale chuoni na nimeshiriki kuchimba pwani huku, naongeza machache ya kitaaluma kwa sababu Ostia na Kaole zina ugonjwa mmoja.

Ostia haikufa kwa volkano wala vita. Jina lenyewe ni mdomo, mdomo wa mto Tiber. Mto ulikuwa unaleta tope kila mwaka, meli kubwa zikashindwa, kuanzia mwaka 42 Kaisari Klaudio akajenga bandari mpya kaskazini kidogo, baadaye Trajani akaongeza bwawa la pembe sita, linaonekana mpaka leo karibu na uwanja wa ndege wa Fiumicino ambako utatua. Biashara ikahamia taratibu, watu wakaondoka taratibu, mchanga ukafunika. Mafuriko ya 1557 yakauhamisha mto wenyewe. Sasa hivi bahari iko kilomita kama tatu kutoka mjini. Na malaria ikatawala yale maeneo mpaka vibarua kutoka Ravenna walipokuja 1884 kukausha mabwawa, wengi wakafa kwa homa hiyo hiyo.

Nenda sasa Kaole usimame msikitini uangalie baharini. Unaona nini? Mikoko. Bandari ilijaa tope, mikoko ikasogea, majahazi yakakosa pa kuingilia na maisha yakahamia Bagamoyo kilomita tano kaskazini. Ni habari ile ile.

Tofauti ya ujenzi nayo ni nzuri kuieleza. Sisi tumbawe na chokaa ya kuchoma tumbawe. Wao tofali za kuchoma juu ya zege la chokaa na majivu ya volkano, ndiyo maana waliweza kupandisha ghorofa tatu nne. Na ujue kwamba sehemu kubwa unayoiona ilifukuliwa kwa haraka kati ya 1938 na 1942, serikali ya Mussolini ilitaka mji uwe tayari kwa maonesho ya dunia ambayo hayakufanyika. Walitoa udongo kwa magari, na habari nyingi za miaka ya mwisho ya mji zikaenda na udongo huo. Kwa mtu wa kazi yangu hilo linauma. Kwetu Kaole mji wenyewe, nyumba za watu, bado kwa sehemu kubwa uko chini, na chini ndiko ulikosalimika.

Mwenyeji_Bagamoyo:

Wakuu nimerudi salama, niliahidi moyoni nitaleta mrejesho.

Nilikwenda Ostia. Nilifika saa mbili na nusu wanapofungua, nikachukua mwongozaji wa masaa matatu kwenye kikundi kidogo, tulikuwa watano, halafu nikabaki peke yangu mpaka saa tisa alasiri. Kwa anayeuliza baadaye, fanya hivyo hivyo, na ule muda wa peke yako usiupunguze.

Kizingiti nimekigusa. Hasidi nimemkanyaga. Tembo wa Sabratha nimemkuta, ana umbo la mtoto aliyechora kwa kusimuliwa, miguu minene, nilimwambia yule mwongozaji kwamba kwetu karne ya 19 wapagazi walitembea miezi na pembe mabegani mpaka ufukweni, akanyamaza halafu akaniomba niwaeleze wenzangu. Nikaongea dakika kumi nimesimama Italia naeleza Bagamoyo, watu wanne wamenizunguka, na hakuna aliyeangalia saa.

Kitu nilichokileta nyumbani ni kwamba yule bwana hakuanza na jengo hata mara moja. Anaanza na mtu mwenye shida. Ana njaa, ana mzigo, ana nguo chafu, anadaiwa. Ndio mnaingia kwenye jengo.

Wiki iliyopita nilipata wageni sita, Wadachi wawili na familia ya Dar. Sikuanzia getini. Niliwapeleka kwanza kule kwenye mikoko, maji yameondoka, nikawaambia wewe ni nahodha, una bakuli za Kichina zimefungwa kwenye majani, miaka yote baba yako alikuwa anaingilia hapa, mwaka huu jahazi limekwama. Unafanyaje? Mtoto wa ile familia akasema tunashusha tunabeba kichwani. Basi tukabeba, tukapanda nao mpaka kwenye makaburi, nikamuonyesha kwenye nguzo yale matundu ya duara, nikamuuliza unadhani bakuli zako zilienda wapi. Akaweka ngumi ndani ya tundu, akageuka kumwangalia mama yake. Kwenye ukuta wa msikiti niliwainamisha wote wauangalie kwa karibu, lile tumbawe bado lina vinyota vyake vidogo vidogo kama lilivyotoka baharini. Tulitumia saa moja na robo, na mimi ndiye niliyewaambia tuondoke kwa sababu jua lilikuwa limeshakuwa kali.

mwanachuo_wa_zamani:

Nimesoma huku nasisimka. Nipo Dunda likizo, Jumapili nina watoto wanne wa dada yangu hapa nyumbani, unapokea?

Mwenyeji_Bagamoyo:

Karibuni dada. Njooni saa mbili asubuhi, maji yatakuwa yameondoka. Wavae raba, tutaanzia kwenye tope.